Kuchagua na Kufunga Boksi la Breka Nyumbani, Hatua kwa Hatua

Swali ninaloulizwa sana na wenye nyumba ni hili: nyumba ya vyumba vitatu inatosha boksi la njia ngapi? Idadi ya vyumba haisaidii. Hesabu sakiti, yaani njia za umeme zinazotoka kwenye boksi, kwa sababu kila sakiti ina waya wake na breka yake. Na breka kazi yake ni kulinda waya uliomo ukutani usiungue. Hailindi friji, na peke yake haimlindi mtu.

Kwa Tanzania Bara kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Kama wewe ni mwenye nyumba, soma hatua hizi ili ujue cha kumuuliza. Kama unajifunza ufundi, zifuate ukiwa na fundi anayekusimamia.

Hatua ya 1: Andika sakiti zote

Tuchukue nyumba yenye sakiti 2 za taa, 2 za soketi, jiko la umeme, hita ya bafuni, AC na pampu ya maji. Jumla 8. Kupata ampea, gawanya wati kwa volti 230. Hita ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24, kwa hiyo haiwezi kuchangia waya na soketi za sebuleni.

Kwa nyumba ya kawaida mimi hupanga hivi: taa waya wa mm² 1.5 na breka ya ampea 6 au 10. Soketi waya wa 2.5 na breka ya 20; hita na jiko, kila kimoja waya wake wa 6 na breka ya 32; AC waya wa 2.5 na breka ya 16. Pampu nayo waya wa 2.5 na breka ya 16, ila iwe aina ya C, maana mota hunyakua umeme mwingi inapoanza kuzunguka. Breka ikikata kila mara, tafuta sababu. Ukiweka ya 32 juu ya waya wa 1.5, waya utaungua na breka isikate.

Sasa nafasi: meni swichi (swichi kuu) inachukua 2, RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja kwenda ardhini) 2, breka 8. Hizo ni 12. Nunua boksi la nafasi 16, kwa kuwa nyumba huongezeka vitu.

Hatua ya 2: Dukani

Ukiwa Dar, Tanga au Unguja, hewa ya chumvi hula chuma haraka, hivyo chagua plastiki nzito isiyoshika moto au chuma kilichopakwa rangi vizuri. La kufungwa nje liwe IP65, yaani lisiloingiza vumbi wala maji ya kurushwa. Kwenye breka tafuta maandishi IEC 60898 na namba 6000 ndani ya kiboksi kidogo: hiyo ni ampea za shoti inazoweza kukata bila kupasuka. Breka isiyo na maandishi hayo usiinunue hata kwa bei ya kutupa.

Watu wengi hubana pesa kwenye RCD, na hapo ndipo sikubali. Nyumba zetu nyingi hutegemea rodi ya ethi (waya wa ardhini) iliyochimbiwa uani. Tuseme rodi hiyo pamoja na udongo ina ukinzani wa omu 20. Laivu (waya wenye umeme) ikigusa bodi ya hita, yaani ganda lake la chuma, umeme utakaovuja ni 230 gawanya kwa 20, yaani ampea 11.5. Breka ya 32 haitashtuka, na bodi itabaki na umeme ikimngoja anayeoga. RCD ya miliampea 30 hukata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Inunue hata kama itabidi rangi ya ukuta isubiri.

Hatua ya 3: Mahali

Pakavu, panapofikika bila kuhamisha kabati, urefu wa kifua hadi macho. Si bafuni, si juu ya jiko.

Hatua ya 4: Zima, kisha thibitisha

Ukizima meni swichi, waya unaotoka kwenye mita ya LUKU bado una umeme. Kama hakuna breka ya kuukata baada ya mita, waite TANESCO. Lakiri yao usiiguse. Testa ya bisibisi usiiamini peke yake. Tumia mita ya kupimia: ijaribu kwanza mahali penye umeme, pima nyaya zako, kisha irudishe pale pa kwanza uone kama bado inasoma.

Hatua ya 5: Funga nyaya

Angalia rangi. Nyumba za zamani zina nyekundu kwa laivu na nyeusi kwa nyutro (waya wa kurudisha umeme). Mpya zina kahawia na bluu. Ethi ni kijani na njano.

Basba ya meno, yaani kipande cha shaba kinachogawa umeme kwa breka zote, iingie ndani ya mdomo wa kila breka. Mara nyingi jino hupita nyuma ya mdomo, skrubu inakaza hewa, na baada ya muda plastiki inaanza kunuka. Kaza, kisha vuta kila waya kwa mkono. Waya wa nyuzi nyingi uvishe feruli (kijibomba cha chuma cha kubana nyuzi) kwanza.

Nyutro za sakiti zinazopita kwenye RCD zirudi kwenye baa ya nyutro ya RCD hiyo. Ukizichanganya, RCD itakata mara tu utakapowasha kitu, na utazunguka nyumba nzima ukitafuta shoti isiyokuwepo. Tundu lisilotumika lizibe; mijusi hupenda joto la boksi na huleta shoti ya kweli.

Hatua ya 6: Pima kabla ya kuwasha

Chomoa vifaa vyote. Pima ethi ya kila soketi hadi kwenye boksi, kisha piga mega (kipimo cha kuona kama umeme unavuja kati ya nyaya) ya volti 500 kati ya laivu na ethi, na kati ya nyutro na ethi. Chini ya megaomu 1, usiwashe. Ikipita, washa meni swichi, halafu RCD, halafu breka moja moja.

Hatua ya 7: Andika majina na ukabidhi

Andika jina la kila sakiti ndani ya mlango wa boksi kwa wino usiofutika. Mwonyeshe mwenye nyumba kitufe cha T kwenye RCD na umwambie akibonyeze kila baada ya miezi 3. Kisipokata, asitumie hita wala pampu mpaka RCD ibadilishwe.