Kutengeneza meno ukiishi nje: nini ufanye huko huko, nini usubiri ukija Mbeya

Mi mtu wa Uyole, huu mwaka wa nne niko Uingereza nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kabla sijaondoka kila mtu alikuwa na ushauri wake, mama akasema beba usipa wa Matema uliokauka vizuri, shangazi akaninunulia sweta mbili Mwanjelwa kama vile sisi kwetu hatujui baridi, mchungaji akaomba. Hakuna hata mmoja aliyesema pitia kwa daktari wa meno. Miezi saba baadaye gego la chini kushoto likaanza, kwanza nikinywa chai, halafu nikivuta hewa tu, halafu usiku lenyewe bila kuguswa, na hapo ndo nikajua jino ughaibuni ni habari nyingine.

Naandika hii kwa sababu kila ikikaribia Desemba ndugu walioko nje wananitumia voisi, "kaka nikija Mbeya nataka nitengeneze meno yote, itakuwa kama shingapi?" Swali la shingapi ni la pili. La kwanza ni una siku ngapi.

Ila tuanze na huko uliko, maana si kila jino linasubiri likizo. Kwa walioko England, wengi wanadhani kwa kuwa wana haki ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, basi na meno yamo bure, hapana, meno unachangia kwa madaraja matatu. Kwa bei zilizoanza Aprili 2025 daraja la kwanza, yaani kuangaliwa na kupewa ushauri, lilikuwa pauni 27.40, la pili ambamo kuna kuziba, kung'oa na kutibu mzizi (kusafisha na kujaza ndani ya jino) lilikuwa 75.30, la tatu la kofia (gamba la kufunika jino), meno ya kuunganisha pengo na meno ya bandia lilikuwa 326.70. Na hapa ndo penye uhondo wenyewe: unalipia kozi, yaani mpango mzima wa matibabu, hulipii jino mojamoja. Ukizibwa moja au manne kwenye kozi ileile ni bei hiyohiyo moja ya daraja la pili, kwa hiyo usiende kwa kudonoadonoa leo hili kesho lile, mwambie daktari aangalie mdomo mzima aandike mpango mmoja. Dada zetu wenye mimba, au waliojifungua na mtoto hajafika mwaka, hawalipi kitu NHS. Nimekutana na wawili waliolipa, hawakujua, nilisikitika mpaka basi.

Shida ya kule ni kupata nafasi. Unapiga simu kliniki kumi, zote zinasema hatupokei wapya wa NHS, njoo kama praiveti. Usikate tamaa kwenye ya kumi, angalia na miji ya jirani, maana hulazimiki kutibiwa mtaa unaokaa. Na likiwa linauma kweli piga 111, namba ya simu ya NHS, wakikupatia nafasi ya dharura unalipa bei ya daraja la kwanza.

Walioko Ujerumani, binamu yangu alienda kule kupitia kanisa akabaki, ananiambia kuna kijitabu wanakiita Bonusheft, kila mwaka ukienda kukaguliwa tu unagongewa muhuri. Ukikaa miaka 5 mfululizo bila kuruka, mchango wa bima kwenye meno ya bandia na kofia unapanda kutoka asilimia 60 ya gharama ya kawaida hadi 70, ukifika miaka 10 unakuwa 75. Kwa hiyo aliyefika jana aombe hicho kijitabu leo. Marekani na Sauzi dawa ni vyuo vinavyofundisha udaktari wa meno, unatibiwa na mwanafunzi, mwalimu wake amesimama nyuma, inachukua muda mrefu lakini bei inashuka sana: watu wetu wa Iringa walioko Minnesota kuna chuo kikuu cha jimbo lao, waliopo Johannesburg kuna Wits, na Pretoria nako kipo. Marekani kuna pia vituo vya afya vya jamii vinavyokutoza kulingana na kipato, ulizia hivyo kabla ya kukopa.

Sasa kuja nyumbani. Niseme ukweli, kama una jino moja la kuziba usipande ndege kwa ajili hiyo, nauli inakula faida yote na chenji hairudi. Nyumbani panalipa pale ambapo ulikuwa unakuja hata hivyo, harusi, msiba, kusalimia wazazi, na una kazi kubwa mdomoni: mizizi miwili mitatu, kofia, meno ya kuvaa. Mi mwaka jana nililipa laki moja na themanini kutibu mzizi na laki tatu na nusu kofia, hiyo ni kliniki ya kawaida tu hapo mjini, na bei zinatofautiana kliniki na kliniki kwa hiyo usiichukue kama bei elekezi.

Kosa nililofanya safari ya kwanza ndo lile wanalofanya wengi. Nilifika nina wiki mbili, ya kwanza nikala bata, si unajua, Tukuyu kwa bibi, ndizi na maziwa mgando, kipaimara cha mtoto wa kaka, nikaenda kliniki zimebaki siku nne. Wakanikubalia haraka haraka (jina la kliniki naliacha) wakatibu mzizi na kuvalisha kofia ndani ya siku tatu. Basi lilipofika Mafinga nikanunua hindi la kuchoma, kabla hatujafika Iringa mjini kofia nimeishika mkononi. Nikarudi Uingereza na pengo na hasira.

Kwa hiyo hesabu yako iwe hivi. Siku ya kwanza au ya pili, kabla hata hujamaliza kusalimia, nenda ukaangaliwe na upigwe eksirei. Bila eksirei ya jino hakuna anayejua kama ni la kuziba, la kutibu mzizi au la kung'oa, na anayekupangia bei kwa kuchungulia tu na tochi ya simu, shukuru uondoke. Kutibu mzizi mara nyingi ni mahudhurio mawili au matatu, hasa kama kuna usaha, wanasafisha, wanaweka dawa ndani, unarudi baada ya siku kadhaa. Gego likishatibiwa mzizi linakuwa dhaifu linahitaji kofia, na kofia inachukuliwa vipimo inatumwa kwa fundi. Ya kwangu ilitumwa Dar ikarudi na basi. Hapo kwenye likizo ya wiki tatu, wiki ya kwanza mzizi, ya pili vipimo na kusubiri, ya tatu mwanzoni kuvalishwa, halafu ubaki na siku nne tano za kutafunia, nyama, makande, kila kitu, ili kama kofia iko juu kidogo urudi ikasagwe. Ukiwa na wiki mbili tu fanya mzizi, jino lizibwe vizuri, kofia iwe safari ijayo au huko uliko.

La kung'oa ling'olewe mwanzoni, usiweke siku ya mwisho. Kile kidonda kinafungwa na bonge la damu, saa 24 za mwanzo husukutui kwa nguvu, huvuti sigara, hunywi kwa mrija. Bonge likitoka, siku ya pili mpaka ya nne maumivu yanakuja mabaya kuliko ya jino lenyewe, na usiombe yakukute uko angani. Meno ya kupandikiza kwenye mfupa, yale ya skrubu, hayaingii kwenye likizo moja kabisa, mfupa kwa kawaida unataka miezi mitatu mpaka sita ushike kabla ya kuwekewa jino juu. Mtu akikuahidi kukamilisha yote kwa wiki mbili muulize maswali mengi.

Uende wapi? Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapo Mbeya ina idara ya meno, Iringa kuna ya rufaa ya mkoa, bei za serikali ziko chini ila foleni ni foleni, fika saa moja asubuhi, malipo ni kwa kontroo namba, ile namba ya kulipia serikalini kwa simu, kwa hiyo hakikisha simu ina salio, hela ya kumpa mtu mkononi isikuwepo. Kwenye hospitali za misheni huko wilayani piga simu kwanza uulize daktari wa meno yupo siku gani, usije ukapanda Coaster ukakuta kesho ndo siku yake. Kliniki binafsi unalipia muda wako, na kama likizo ni fupi sioni ubaya. Ukienda na pasipoti ya nchi nyingine uliza mapema kama bei ni ileile.

Na jua nani anakushika mdomo. Tabibu wa meno ana stashahada, kung'oa na kuziba kwa kawaida anafanya vizuri tu na wengine wana mkono mwepesi kuliko madaktari, daktari wa meno ana shahada, miaka mitano chuoni halafu mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Mizizi ya magego, kofia na magego ya mwisho yaliyolala mi nampelekea daktari. Anatakiwa awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na leseni yake iwe hai, kuuliza siyo ukorofi. Vishoka wapo, wale wa kung'oa chumbani kwa bei ya soda na kubandika meno ya dhahabu, achana nao. Angalia glavu mpya, sindano inafunguliwa mbele yako, vifaa vinatoka kwenye pakiti iliyofungwa. Kama una presha, sukari, au unatumia dawa za kuyeyusha damu, sema kabla ya ganzi.

Bei uliza kabla hujalala kwenye kiti, ukishapigwa ganzi huna ubavu wa kupatana. Uliza hivi: hiyo bei ni pamoja na eksirei na dawa? Kofia ni ya chuma au kauri? Ikitoka ndani ya miezi miwili inakuwaje, na kama sipo mdogo wangu anaweza kufuatilia? Waandike, wapige muhuri.

Kuna wenzetu wanasubiri likizo kwa kumeza antibayotiki wanazotumiwa na ndugu. Zile zinatuliza tu, chanzo kimo ndani ya jino kinakungoja. Karafuu inasaidia usiku mmoja, aspirini usiibandike kwenye fizi inaunguza. Na ukiona shavu limevimba mpaka chini ya taya, au kumeza kunakuwa shida, au homa inapanda, hapo mambo ya bei weka pembeni nenda dharura usiku huohuo popote ulipo, uvimbe ule unaweza kuziba njia ya hewa.

Kabla hujaondoka Mbeya omba eksirei zako, piga picha za karatasi zote kwa simu, iandikwe jino gani, mizizi mingapi imejazwa, tarehe. Daktari wa kule akiona hizo anajua kilichofanyika. Na ukishang'oa acha kwanza zile siku za hatari ya bonge zipite kabla ya ndege. Pale uwanja wa ndege wa Songwe, ndege za Dar zikiahirisha, na kwenye ukungu huwa zinaahirisha, panadol ziwe kwenye begi la mkononi, siyo lile ulilokabidhi.