Somo: Jengo kuukuu la ofisi Kisumu, na wafanyakazi wanaokuja siku tatu kwa wiki

Wenzangu, wiki hii tunashughulikia jengo la zamani linalotakiwa kubeba kazi ya mseto, yaani watu wanafanyia kazi nyumbani siku kadhaa na ofisini siku nyingine. Mfano wangu ni jengo la mawe la ghorofa moja, nyuma kidogo ya Barabara ya Oginga Odinga hapa Kisumu. Dari iko mita 3.4 juu, madirisha ni marefu, na upande wa ziwa kuna veranda ambayo mtu aliiziba kwa mbao ili apate stoo ya faili. Mwenye ofisi alikuja na picha kwenye simu: vioo kila mahali, viti vya rangirangi, mashine ya kahawa. Nikamwambia tuanze na daftari.

Hatua ya 1: Hesabu watu, usihesabu vyeo

Mpe mlinzi au karani wa mapokezi daftari ahesabu waliomo saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, wiki tatu mfululizo. Usiwaulize watu watakuja lini, watakujibu kile bosi anachotaka kusikia. Orodha ya mishahara ilikuwa na watu 46. Siku iliyojaa kuliko zote, Jumanne, walikuwemo 29. Ijumaa moja walikuwa 11, na wawili kati yao walipitia tu kuchukua vifurushi vilivyoletwa na basi.

Safu ya pili ya daftari ndiyo yenye faida: wakifika wanafanya nini? Wa Jumanne wengi walikuja kuonana. Kulikuwa na vikao, kusaini hati, kumfundisha mgeni kazi. Kazi ya kuandika peke yao waliiacha nyumbani. Kwa hiyo hatukununua meza 46. Tuliweka meza 18 zisizo na mwenyewe, nafasi iliyobaki ikawa vyumba vya kuketi pamoja.

Kuna kipimo cha sheria pia. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kila mfanyakazi apate angalau mita 10 za ujazo. Chumba cha mita 6 kwa 5 chenye dari ya mita 3.4 kina mita 102 za ujazo, watu kumi. Ukikishusha kwa dari ya jipsamu hadi mita 2.6 unabaki na 78, watu saba. Sijui nani aliyewaambia mafundi wetu kwamba ofisi ya kisasa ni lazima iwe na dari ya kugusa kwa mkono.

Hatua ya 2: Jua ukuta upi unabeba nini

Kwenye majengo ya mawe ya zamani, ukuta wa ndani mara nyingi umebeba sakafu ya juu. Panda juu uone kama kuna ukuta mwingine umekaa sambamba juu yake. Pima unene: wa sentimita 20 na zaidi uheshimu mpaka mhandisi aseme. Ukikuta mabati ya saruji ya kijivu au mbao za dari za aina hiyo, usitoboe wala usikate, kwa sababu huenda ni asbesto. Huondolewa na wenye leseni ya NEMA tu, yaani mamlaka ya mazingira. Vibali vya kaunti na usajili wa mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi vishughulikie mapema, kabla nyundo haijainuliwa.

Hatua ya 3: Fungua kilichozibwa

Uzuri na ubaya wa Kisumu hutoka upande mmoja. Mchana upepo hutoka ziwani, na ziwa liko magharibi. Alasiri jua nalo linapiga kutoka hukohuko magharibi, likiwa chini, likiingia ndani hadi katikati ya chumba. Ukiziba upande huo kukimbia jua, umeziba na upepo, halafu unanunua eyakondisheni ya kupambana na kosa lako mwenyewe. Waliojenga zamani walilijua hilo, ndiyo maana waliweka veranda pale.

Tulibomoa ile stoo Jumamosi. Fundi alipong'oa ubao wa tatu, kalenda iliyokuwa ukutani ng'ambo ya chumba ikaanza kupepea. Hakuna aliyesema neno, fundi mwenyewe aliacha nyundo akageuka kuitazama.

Lakini upepo hauingii mahali pasipo na pa kutokea. Juu ya milango ya ndani kulikuwa na vidirisha vilivyopakwa rangi mara nyingi hadi vikagandamana. Tulivikwangua na kuvitia bawaba mpya. Kwenye veranda tukasimamisha mbao pana za wima, zimekaa mshazari: upepo unapenya katikati yake, jua la alasiri linagonga ubavu. Kumbuka kwamba kibaraza, yaani ubapa unaochomoza mlalo juu ya dirisha, hakizuii jua la magharibi hata kikiwa kirefu. Kwa madirisha ya kaskazini na kusini kibaraza kifupi kinatosha, maana tuko karibu kabisa na ikweta. Sasa veranda ndiyo sehemu inayogombewa kuliko zote, meza sita na soketi chini ya kila moja.

Hatua ya 4: Sauti

Hapa niliteleza. Niliweka vibanda viwili vya vioo vya simu za video upande wa magharibi, kwa sababu vilipendeza kwenye mchoro. Siku ya pili saa tisa nilimkuta dada wa uhasibu ndani, mlango ameuzuia kwa kiatu apate hewa, na habari za mishahara ya watu zikisikika hadi kwenye ngazi. Jasho limemtoka kama anakaanga samaki. Tulivivunja.

Vibanda vipya viko upande wa ndani, mbali na honi za bodaboda. Kuta ni jipsamu mbili kila upande, katikati pamba ya kuzuia sauti, na feni ndogo ya kutoa hewa. Mkazo wangu ni huu: ukuta upandishwe hadi ugonge zege la juu. Ukiishia kwenye dari ya kuning'inia, sauti inaruka juu na kushukia chumba cha pili. Ziba na upenyo chini ya mlango.

Kwa vyumba vikubwa, simama katikati upige kofi moja. Ukisikia mlio ukirudi, anayewasikiliza kupitia kompyuta atasikia kama mko ndani ya tangi la maji. Zulia, mapazia mazito ya kitambaa na rafu za vitabu husaidia. Mikeka ya mafunjo kutoka Dunga, hapo kando ya ziwa, inapendeza ukutani, ila iweke mbali na soketi, kwa sababu inashika moto haraka.

Hatua ya 5: Stima na intaneti

Kuta za mawe hula mawimbi ya waifai. Kifaa kimoja cha kurusha kwenye korido hakitoshi. Vuta kebo hadi kila chumba kikubwa, na urefu wake usizidi mita 100. Simu ya video yenye picha safi inatumia kama megabiti 3 hadi 4 kwa sekunde kila upande. Watu 15 wakiwa kwenye simu pamoja ni karibu 60, kwa hiyo muulize mwenye kukuuzia intaneti kasi ya kupakia, siyo ya kupakua pekee.

Stima ikipotea, huhitaji kuwasha jengo zima. Laptopu 20 kwa wati 60 ni 1,200. Vifaa vya intaneti na taa, weka 350. Jumla 1,550, kwa saa nne ni kama yuniti (kilowati-saa) 6.2. Betri ya litiamu ya yuniti 8 hadi 10 inatosha. Birika na mashine ya kahawa zisiguse laini hiyo.

Hatua ya 6: Faili

Kabati la kufunga kwa kila mtu, dogo tu. Faili zilizopitwa na muda zichanwe kwa mashine, sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 haichezi. Nimewahi kununua njugu soko la Kibuye zikiwa zimefungwa kwa karatasi yenye jina la mtu, nambari ya kitambulisho na mshahara wake.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Kakamega: Fundi, sisi ni wapangaji na mwenye nyumba hataki kitu kibomolewe. Tuanzie wapi?*

Anza na visivyoacha alama: mapazia, zulia, feni, kufungua vidirisha vilivyoganda. Kwa kuwa huko kwenu kuna radi nyingi, kagua pia waya wa kutuliza umeme ardhini na uweke kinga ya radi kwenye ubao wa stima. Mwenye nyumba hawezi kukataa hilo.

*Kutoka Nakuru: Huku kwetu asubuhi ni baridi. Tufungue madirisha namna hiyo?*

La. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama 1,130. Huko jua la asubuhi lipe nafasi: weka meza za kudumu upande wa mashariki, na madirisha yafungike vizuri lakini yawe na tundu la hewa juu. Vumbi la kiangazi nalo litakulazimu kufunga.

*Kutoka Kisii: Mkurugenzi wetu anataka abaki na chumba chake kikubwa, na yuko safarini wiki mbili kila mwezi.*

Mwachie chumba, dada, usipigane. Weka ndani yake meza ya watu sita badala ya lile kochi, na ratiba mlangoni. Akiwepo ni ofisi yake, akisafiri ni chumba cha vikao. Mwombe yeye mwenyewe aitangaze, itapokelewa.

*Kutoka Bondo: Ukifungua veranda yote hiyo, mbu je? Na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi?*

Nyavu ni lazima, na zinapunguza upepo, kwa hiyo uwazi uwe mkubwa kuliko unavyodhani. Chagua nyavu za fremu zinazotoka ili zioshwe, maana zikishika vumbi zinakuwa ukuta. Wale wadudu hufuata mwanga: giza likiingia zima taa za nje, acha ile ya langoni tu. Sisi tulisahau usiku mmoja, asubuhi tukawazoa kwa koleo.