Kufua, kupiga kanji na kuweka kofia ya mkono nyumbani

Kofia ya mkono, yaani ile iliyoshonwa maua kwa mkono, usiitie kwenye mashine ya kufulia, tafadhali sana. Kofia moja sisi tunaozishona tunakaa nayo miezi, tundu kwa tundu, halafu mtu anaichanganya na mashuka na jiki nusu kikombe, inauma jamani. Na kuifua wala si kazi kubwa, ukipata asubuhi yenye jua unamaliza.

Kabla ya yote ipime. Zungusha futi ya cherehani kwa ndani pale ukingoni uandike inchi ngapi, maana pamba ikiingia maji inaweza kurudi, hasa maji ya moto, kwa hiyo tumia baridi au vuguvugu tu. Kwenye visima vyenye chumvi, na pwani viko vingi, sabuni haitoi povu inagandia kwenye uzi, bora utafute ya mfereji au ukinge ya mvua.

Uchafu wenyewe uko ukingoni kwa ndani, jasho na mafuta ya nywele. Paka sabuni ya kipande hapo, iache nusu saa, kisha sugua kwa mswaki laini ukifuata njia ya sindano, usiikate kwa upande nyuzi zitanyanyuka. Usiisokote kuikamua, iminye ndani ya taulo. Jiki hapana, inakula uzi, na kama imeshonewa hariri ndo kabisa inageuka manjano. Ukitaka iwe nyeupe ianike juani ikiwa na sabuni yake, uwe unainyunyizia maji isikauke, saa moja hivi, halafu suuza mpaka maji yatoke safi.

Sasa kanji. Vijiko 2 vya chakula vya wanga wa muhogo, koroga kwanza na maji baridi kidogo yasibaki madonge, halafu mimina maji yanayochemka nusu lita huku unakoroga hadi uone imeacha weupe imekuwa kama kioo. Chuja kwa kitambaa, ipoe, chovya kofia yote, minya. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha: kanji inaziba vitundu, na vile vitundu ndio vinavyopitisha upepo kichwani na ndio uzuri wenyewe wa kofia, kwa hiyo inyanyue kwenye mwanga uvitizame, kila kilichoziba kipitishe njiti ya meno taratibu kabla hakijakauka, kikishakauka ukilazimisha utakata uzi. Hii ni kazi ya kukaa chini na kikombe cha chai, usiifanye umesimama.

Ivishe kwenye bakuli au kopo lenye kipimo kile ulichoandika, kopo la bati lifunge kitambaa kwanza lisitie kutu. Nyoosha ukingo kwa vidole usimame sawa, juu pawe tambarare, uiweke kivulini penye upepo.

Pasi piga ikiwa bado na unyevu kidogo. Igeuze ndani nje, weka taulo lililokunjwa chini yake, pasi ipite kwa nyuma ili maua yasimame upande wa mbele. Moto wa kati, kanji ikiungua inaacha rangi ya chai. Wenye pasi ya mkaa futeni kitako kwanza, na majivu msiyapulize hapo hapo.

Kuweka sasa. Ya kuvaa kila Ijumaa iache na kanji yake, ila ya kuweka mpaka Skukuu itoe kanji yote, ifue ikauke kabisa, uiweke laini, kwa sababu mende wanaifuata kanji na wakitafuna wanatafuna na kitambaa chake. Ijaze kitambaa ndani isibonyee, ifunge kwa kipande cha bafta, kile kitambaa chembamba cha pamba, na sio mfuko wa plastiki, wakati wa masika, Machi mpaka Mei, plastiki inafungia unyevu na unakuta ukungu madoa madoa. Karafuu weka, inanukia vizuri, lakini zifunge kwenye kijifuko na zisigusane na kofia, mafuta yake yanaacha doa. Usiipandishie nguo juu. Mvua zikikatika itoe ipigwe upepo kivulini, halafu kanji uipige upya siku mbili kabla ya Idi.