Nyumba ya wazazi Buruburu, nyinyi watano, na wewe uko majuu

Ile meseji ya wosap wengi mmeshaipata: "Tumeamua tuuze, wewe saini tu hapa nikutumie pesa yako." Halafu imeambatanishwa picha ya ukurasa wa mwisho peke yake, ule wa sahihi. Usisaini. Itisha karatasi zote, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, na kama hazitumwi hiyo tayari ni jibu.

Kama mzazi aliondoka bila wosia na taito bado iko kwa jina lake, hakuna ndugu anaweza kuiuza, hata yule kifungua mimba anayeficha taito kwa kabati. Sheria ya Mirathi ya Kenya, Cap 160, inataka korti itoe granti kwanza, yaani karatasi ya kumruhusu mtu kusimamia mali ya marehemu, halafu korti iithibitishe, na hapo kwa kawaida ni miezi sita inapita. Anayejiuzia kabla ya hapo anaingilia mali ya marehemu na hilo ni kosa la jinai.

Mgao je? Wazazi wote wakiwa wameshatutoka, watoto mnagawana sawa kwa sawa, na dada aliyeolewa yumo, msidanganywe na wazee wa ukoo. Lakini ploti ambayo kaka alipewa baba akiwa hai inahesabiwa kwenye fungu lake, hapo ndio vikao huchafuka. Mama akiwa hai, ana haki ya kukaa kwa hiyo nyumba maisha yake, kwa hivyo tulieni. Familia za Kiislamu zinafuata mgao wa Kiislamu, huo ni tofauti.

Anayeomba granti lazima ataje watoto wote, na kuna fomu ya ridhaa ambayo nyinyi wengine mnasaini. Akikuruka, unaweza kuomba korti ifute granti. Ombi hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali na watu wanapewa siku 30 kupinga, na gazeti liko mtandaoni, so tafuta jina la marehemu mara kwa mara, haikugharimu kitu.

Sasa rent ya vile vyumba vya nyuma, maana hiyo ndio huleta vita kuliko nyumba yenyewe. Msimamizi, yule aliyepewa granti, si mwenye mali, ni mtunzaji tu. Anadaiwa hesabu, na akinyamaza unaweza kumpeleka kortini aitoe. Na wewe uliyetuma pesa za mabati, weka risiti, ila usidhani zimekuongezea fungu bila kuongea.

Mkishaandikwa wote kwa taito, kila mtu na fungu lake, kuuza lako kwa mtu wa nje kunahitaji ridhaa ya wenzako kwa maandishi, nao hawawezi kukukatalia bila sababu ya maana. Mkikwama kabisa, korti inaweza kuagiza nyumba igawanywe au iuzwe.

Ukimpa mtu hati ya uwakilishi (power of attorney) akufanyie mambo huku, andika kazi moja tu, kwa mfano kufuatilia mirathi, isiwe na neno kuuza. Isaini mbele ya notari, yule wakili wa kushuhudia sahihi, huko uliko, kisha isajiliwe Nairobi.