Ulipata kifafa cha mimba au kisukari cha mimba: mambo ya kuzingatia kabla ya kutoka wodini na miezi inayofuata

Kondo la nyuma likishatoka, ndugu hushukuru kwamba kifafa cha mimba, yaani presha ya ujauzito inayoweza kuleta degedege, kimekwisha. Kweli chanzo chake ni kondo, na kutoka kwake ndiko kunakoanzisha kupona. Lakini presha hupanda tena na mara nyingi hufikia kilele kati ya siku ya 3 na ya 6, wakati mama wengi wameshapewa ruhusa na wako nyumbani wakinywa uji. Degedege linaweza kumpata mama hata wiki kadhaa baada ya kujifungua, wakati mwingine yule ambaye presha yake haikuwa na neno mimba nzima. Na tangu siku hiyo kadi ya kliniki inageuka kuwa ya mtoto: mtoto anapimwa uzito, mtoto anachanjwa, mama anasubiri kwenye benchi. Karibu kila kinachoshauriwa hapa kinahitaji mama asiridhike na lile benchi.

Kabla ya kuruhusiwa, omba maandishi. "Presha ilipanda kidogo" haimsaidii daktari utakayekutana naye miaka kumi ijayo. Karatasi itaje tatizo kwa jina lake, presha ya juu kabisa iliyopimwa, wiki ya mimba ulipojifungua, uzito wa mtoto, majibu ya protini, figo, ini na chembe sahani za damu (zinazosaidia damu kuganda), kama ulichomwa sindano za magnesiamu za kuzuia degedege, damu uliyopoteza na uliyoongezewa. Wiki ya kujifungua ina maana kubwa kuliko inavyodhaniwa: aliyelazimika kuzalishwa kabla ya wiki ya 37, na hasa kabla ya 34, ndiye moyo wake unaohitaji kufuatiliwa kwa karibu zaidi. Kwa jumla, mwanamke aliyepata ugonjwa huu ana uwezekano takribani mara mbili wa kiharusi na ugonjwa wa mishipa ya moyo, na takribani mara nne wa moyo kushindwa kufanya kazi, ukimlinganisha na ambaye hakuupata. Karatasi hupotea au huloa, kwa hiyo ipige picha na uitume kwenye simu ya mtu mwingine unayemwamini.

Dawa nazo zihesabiwe kabla hujafika getini. Nifedipini, enalaprili na labetaloli zinatumika kwa mama anayenyonyesha. Methildopa, iliyokuwa dawa ya kawaida ya ujauzito, hubadilishwa baada ya kujifungua kwa sababu inaweza kumwongezea mama huzuni katika kipindi ambacho sonona ya uzazi tayari inanyemelea. Nifedipini ya kuyeyuka taratibu humezwa nzima: ukiivunja au kuiweka chini ya ulimi, presha inashuka kwa ghafla na ubongo unakosa damu. Kosa linaloonekana kila mara ni kuacha vidonge siku presha inaposoma vizuri, ilhali ni vidonge hivyo hivyo vilivyoishusha. Kupunguza ni kazi ya anayekutibu, kwa hatua. Kwa maumivu ya mshono anza na parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kupandisha presha na kuumiza figo zilizokwisha kusumbuliwa, kwa hiyo usizinunue dukani bila kuuliza.

Mkiweza kununua mashine ya presha, nunueni ya kufungwa juu ya kiwiko, maana za kifundo cha mkono hukosea kirahisi. Pimeni mzingo wa mkono katikati ya bega na kiwiko kwa futi ya fundi cherehani. Mkanda wa kawaida kwa kawaida unatosha mkono wa sentimita 22 hadi 32. Zaidi ya hapo tafuta mkanda mkubwa, kwa sababu mdogo hubana na kutoa namba za juu zisizo za kweli. Kojoa kwanza, kaa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono mezani usawa wa moyo, bila kuongea wala kunyonyesha. Pima mara mbili kwa kupishana dakika moja, asubuhi na jioni, uandike zote. Asiye na mashine apange kupimwa zahanati ndani ya saa 72 tangu kujifungua na tena kati ya siku ya 7 na ya 10.

Namba ya juu ikifika 140 au ya chini 90, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo. Ikifika 160 au 110, rudia baada ya dakika 15. Ikibaki hapo ni hospitali sasa hivi, hata kama hujisikii vibaya. Kichwa kisichotulia kwa parasetamoli, vimulimuli machoni, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia au kuhema bila kazi vinatosha kukupeleka bila kusubiri mashine. Ukifika, sema "nimejifungua siku kadhaa zilizopita" kabla ya jambo lingine, maana bila tumbo kubwa mtoa huduma anaweza kufikiria malaria au uchovu.

Dalili hizi azijue pia anayekulea uzazi, awe mama yako, mama mkwe au shangazi, kwa kuwa siku za arobaini yeye ndiye mwenye sauti kuhusu kutoka nje. Mtori na supu si adui. Adui ni chumvi, vidonge vya mchuzi na magadi, ambayo nayo ni sodiamu. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyojificha kwenye mkate.

Kuna ugonjwa mwingine wa kuuogopa kipindi hiki: moyo kupanuka na kudhoofika, kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba hadi mwezi wa 5 baada ya kujifungua. Unafichwa na uchovu wa kawaida wa mzazi, au unatibiwa kama upungufu wa damu au nimonia. Angalia usiku. Kama huwezi kulala chali, unaongeza mito, unaamka ukitafuta hewa, unakohoa ukijinyoosha kitandani na miguu inazidi kuvimba badala ya kupungua, unahitaji eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Moyo ukisukuma chini ya asilimia 45 ya damu iliyomo kwenye chumba chake kikubwa cha kushoto, bila sababu nyingine, ndio ugonjwa wenyewe. Tanzania kipimo hiki kinapatikana hospitali za kanda na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Aliyewahi kuupata asishike mimba nyingine kabla ya eko kurudiwa, na ambaye moyo haujarudi katika hali yake hushauriwa asizae tena. Ni jibu gumu kwa familia, na ni afadhali mume alisikie kutoka kwa daktari mwenyewe.

Kwa aliyekuwa na kisukari cha mimba, sukari kurudi sawa wodini si mwisho wa habari. Kati ya wiki ya 4 na ya 12 anywe glukosi gramu 75 baada ya kufunga saa 8 au zaidi, apimwe kabla na baada ya saa mbili. Siku ya chanjo ya wiki ya 6 au ya 10 inafaa, ukiondoka nyumbani hujala. Kabla ya kunywa glukosi ukipata 7.0 mmol/L au zaidi, au 11.1 au zaidi baada ya saa mbili, huonyesha kisukari. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) kinaweza kudanganya miezi hii, hasa kwa aliyepoteza damu nyingi. Majibu yakiwa mazuri, rudia kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, maisha yote.

Upande wa homoni husahaulika zaidi. Tezi ya thairoidi iliyo shingoni inaweza kuvimba ndani ya mwaka wa kwanza: kwanza moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kukonda, kisha miezi kadhaa baadaye baridi, uzito na huzuni. Kabla ya kuhitimisha kwamba ni sonona tu, damu ipimwe. Aliyetoka damu nyingi hadi kuzimia aangalie jambo jingine: maziwa kutotoka kabisa, hedhi kutorudi hata baada ya kuacha kunyonyesha, nywele za kwapa kupotea, presha ya chini na ulegevu usioisha. Tezi ya pituitari chini ya ubongo huenda ilikufa kwa kukosa damu, hali aliyoieleza Harold Sheehan mwaka 1937, na wengine hugundulika baada ya miaka. Hapa mpangilio wa tiba ni muhimu: homoni ya kotisoli hutangulia ile ya thairoidi. Ukigeuza, mgonjwa anaweza kuanguka.

Uzazi wa mpango uchaguliwe kwa kuangalia presha ya siku hiyo. Kitanzi cha shaba na kijiti havina shida kwa wengi. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili havifai kwa anayenyonyesha kabla ya miezi 6, wala kwa mwenye presha ya 140/90 na kuendelea, na presha ikifika 160/100 sindano ya miezi mitatu nayo kwa kawaida huepukwa.

Ukipanga mimba nyingine, acha enalaprili kwa kubadilishiwa dawa kabla ya kushika, kwani inaharibu figo za mtoto. Wahi kliniki mapema ili uanze aspirini ndogo, miligramu 75 hadi 150 kwa siku, kuanzia wiki ya 12 na kabla ya 16. Kama maziwa na dagaa ni adimu mezani, ongeza kalisiamu gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, ukizigawa mara tatu na kuziachanisha saa kadhaa na vidonge vya madini ya chuma, la sivyo zinazuiana tumboni.