Enthalpia ya kupokea elektroni: anza na mlinganyo, namba zitafuata

Enthalpia ya kupokea elektroni ni badiliko la nishati pale atomu au ayoni (chembe yenye chaji) iliyo gesi inapopokea elektroni. Wanaokariri namba kabla ya kuandika mlinganyo ndio wanaokwama kwenye alama ya + au −. Twende taratibu.

Hatua ya 1: Andika tendo lenyewe, chembe zote zikiwa gesi.

Cl(g) + e⁻ → Cl⁻(g)

Badiliko la enthalpia hapa ni −349 kJ/mol. Alama ya kutoa inaonyesha kwamba nishati inatoka. Kuna vitabu vinavyoandika +349, vikimaanisha nishati iliyotolewa, kwa hiyo kagua kitabu chako kinafuata utaratibu gani.

Hatua ya 2: Tazama chaji ya anayepokea.

Hapa ndipo mitihani hutega. Na⁺ ikipokea elektroni hutoa 496 kJ/mol, sawasawa na nishati inayohitajika kuing'oa elektroni hiyo kutoka Na. Njia ni ileile, umegeuza tu mwelekeo.

Oksijeni ina mambo. Atomu ya O hupokea elektroni ya kwanza kwa −141 kJ/mol. Ya pili inakuta O⁻, hasi kwa hasi, zinasukumana. Lazima uingize zaidi ya 700 kJ/mol. Basi O²⁻ inapatikanaje ndani ya MgO? Ayoni zinapojipanga kuwa fuwele hutoa nishati nyingi mno, na hiyo ndiyo inayofidia gharama yote. Napenda sana mfano huu.

Hatua ya 3: Kama hakuna chaji, tazama ganda la nje.

La neoni limejaa, na ganda dogo la 3s² la magnesiamu limejaa. Zote hazipokei kwa hiari.

Maswali ya wanachama

*Florini iko juu ya klorini kwenye jedwali la elementi, mbona ni −328 tu?*

Atomu ya florini ni ndogo mno. Elektroni mpya inaingia mahali palipobanana, inasukumwa na zile zilizomo. Ndivyo ilivyo pia kwa O (−141) na S (−200).

*Kwa hiyo mwalimu, klorini ni kioksidishaji (kinachonyang'anya vingine elektroni) kikali kuliko florini?*

Hapana, na swali lako ni zuri. Kifungo cha F–F ni dhaifu, takribani 158 kJ/mol, wakati Cl–Cl ni 242. Tena F⁻ ikizungukwa na maji hutoa nishati nyingi kuliko Cl⁻. Jumlisha hatua zote, florini inashinda.

*Nikipewa Cl⁻(g) → Cl(g) + e⁻?*

Geuza alama: +349 kJ/mol.