Somo: Kuhama Ubuntu kwenda Linux Mint bila kupoteza mafaili

Wadau, juzi nimehamisha laptopu ya hapa nyumbani Ngamiani, Tanga, kutoka mfumo endeshi wa Ubuntu kwenda Linux Mint. RAM GB 4, diski ni ile ya zamani inayozunguka. Ukibonyeza Firefox, unakwenda kubandika chai, unarudi bado haijafunguka. Mchawi mmojawapo ni snap, njia ya Ubuntu ya kufungasha programu: tangu toleo la 22.04 Ubuntu inaleta Firefox kwa njia hiyo tu, na kwenye diski kama yangu snap ni nzito kuamka. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu hiyohiyo, ila snap imezuiwa. Nikachukua yenye mwonekano wa Xfce, ndiyo nyepesi.

1. Nakala kwanza. Hapa ndipo tunapoumia. Usinakili picha na nyaraka ukadhani umemaliza. Fungua folda yako ya home, bonyeza Ctrl+H, yale mafaili yanayoanza na nukta yatatokea. Kisha ingia snap, halafu firefox, halafu common. Humo mna .mozilla, folda ya Firefox, na nywila zote ulizohifadhi kwenye Firefox zimo humo. Safari yangu ya kwanza niliiacha. Wiki nzima nikawa naomba nywila mpya kila mahali. Nakili kwenye diski ya nje, ichomoe, ichomeke tena, fungua mafaili mawili matatu uone yanasomeka. Sasa iweke kabatini. Isibaki imechomekwa wakati wa kusimika (install), mkono huteleza.

2. Shusha faili la ISO, yaani Mint nzima ndani ya faili moja, kwenye tovuti ya Mint. Linakaribia GB 3, subiri bando la usiku. Hakiki kwa amri ya sha256sum, itakupa msimbo mrefu wa faili lako. Herufi moja ikitofautiana na za kwenye tovuti, shusha upya.

3. Liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa balenaEtcher. Vilivyomo kwenye flashi vitafutika.

4. Washa upya ukigonga F12 (HP nyingi ni F9), uchague flashi. Mint itafunguka bila kugusa diski. Jaribu waifai, sauti na mwanga wa kioo kabla ya kusimika. Betri yangu inashika dakika 20 tu, na siku hiyo wingu lilikuwa limetanda upande wa Raskazone. Nikaahirisha hadi asubuhi. Umeme ukikatika katikati ya kufomati, unaanza upya. Ukiwa tayari, bonyeza Install Linux Mint, na ukifika kwenye diski uchague kuifuta yote.

5. Ukishasimika, rudisha .mozilla kwenye home kabla hujafungua Firefox. Ikifunguka tupu, andika about:profiles pale juu, uchague wasifu wa zamani.

MASWALI

— Shikamoo mwalimu. Laptopu yangu ina Windows pia. Nikichagua kufuta diski?

Marahaba. Windows nayo itakwenda. Chagua "Something else", uguse ile sehemu ya ext4 ya Ubuntu peke yake, na uipe alama ya / kwenye "Mount point". Sehemu za NTFS, ndizo za Windows, ziache kama zilivyo.

— Waifai haionekani kabisa, mkuu.

Huenda ni kadi ya waifai ya Broadcom. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, kisha fungua Driver Manager. Ikishasimika dereva, chomoa simu.

— Yangu ya biti 32, ipo tangu nasoma sekondari. Itakubali?

Mint hii haikubali, biti 32 waliiacha kwenye toleo la 20, mwaka 2020. Chukua Debian 12, Linux nyingine. Usishushe 13 ya mwaka 2025, hiyo haina tena kisimikio cha biti 32. Utakuwa umelichoma bando bure.